Justin na Hekima ya Mungu

Wajukuu zangu, sogeeni. Leo nawapa habari za kijana aliyeitwa Justin. Alizaliwa karibu mwaka 100 baada ya Kristo katika mji wa Flavia Neapolis, ambao leo ni Nablus huko Palestina. Kwao hawakuwa Wayahudi wala Wakristo, lakini yeye alikua na kiu ya kumjua Mungu.

Siku zile mwenye kiu hiyo alikwenda kwa wanafalsafa wa Kigiriki. Tangu zamani, huko Efeso, Heraclitus alifundisha kwamba ipo akili moja inayouongoza ulimwengu, ila watu wengi wanaishi kama waliolala. Kisha akaja Socrates wa Athens. Rafiki yake alikwenda hekaluni Delphi kuuliza kama yupo mtu anayemshinda Socrates kwa hekima, akajibiwa hayupo. Socrates alishangaa sana. Akawahoji wanasiasa, washairi na mafundi, akitafuta wa kumpita, akawakuta wanadhani wanajua wasiyoyajua. Ndipo akasema kwamba mwenye hekima hasa ni Mungu, na binadamu aliye bora ni yule anayelitambua hilo. Mwaka 399 kabla ya Kristo watu wa mji wake walimhukumu kunywa sumu, wakidai anapotosha vijana na haiheshimu miungu yao.

Basi Justin naye akatafuta mwalimu. Wa kwanza, wa shule ya wanafalsafa walioitwa Wastoa, hakumfundisha lolote juu ya Mungu. Alisema elimu hiyo haina ulazima. Wa pili, wa shule ya Aristotle, hazikupita siku nyingi akadai ada. Justin akaondoka. Wa tatu, mfuasi wa Pythagoras, alimtaka kwanza awe amesoma muziki, elimu ya nyota na jiometri. Kijana hakuwa nayo, akarudishwa. Wa nne, mfuasi wa Plato, ndiye aliyemfurahisha, maana alimfundisha kuyawaza yasiyoonekana kwa macho.

Siku moja alikuwa akitembea peke yake karibu na bahari, akamwona mzee mpole anamfuata. Wakazungumza. Mzee akamwuliza: wanafalsafa watamwelezaje Mungu sawasawa, nao hawajamwona wala kumsikia? Justin alijaribu kujibu, akakwama. Mzee akamsimulia habari za manabii na za Kristo, kisha akaenda zake. Hawakuonana tena, lakini moyo wa Justin ulikwisha kuwaka.

Sasa sikilizeni alivyowaza. Maandiko ya Wayahudi, katika kitabu cha Mithali, yanamwonyesha Hekima akiwa pamoja na Mungu wakati wa kuumba. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba Kristo ndiye hekima ya Mungu, na Injili ya Yohana inamwita Neno. Justin akasema Neno huyo, aliye akili ya Mungu, amepanda mbegu katika akili za watu wote. Kwa hiyo Heraclitus na Socrates, kwa kuwa waliishi wakiifuata akili hiyo, aliwahesabu kuwa Wakristo, ingawa walikufa mamia ya miaka kabla ya Kristo kuzaliwa. Wao walipata sehemu, na katika Kristo, alisema, Neno limekuja zima.

Hata baada ya kuwa Mkristo, Justin hakulivua joho la wanafalsafa. Alifundisha Roma, chumbani juu ya bafu la umma. Mnamo mwaka 165 alishtakiwa pamoja na wenzake sita kwa ajili ya imani yao. Hakimu alikuwa Junius Rusticus, Mstoa aliyemfundisha Kaisari Marcus Aurelius mwenyewe. Wastoa waliamini kwamba akili ya Mungu imeenea katika kila kitu. Rusticus akawaamuru watoe sadaka kwa miungu; wakakataa. Akamwuliza Justin kama anadhani atapaa mbinguni akiuawa. Justin akajibu kwamba hadhani, anajua. Wote saba wakakatwa vichwa.

Hakimu na mshtakiwa wote wawili walikuwa wasomi, na wote waliizungumzia akili ya Mungu. Usomi haukumzuia Rusticus kuwaua watu wasio na kosa. Ndiyo maana nampenda Justin: aliuona ukweli kwa Wagiriki waliomtangulia, akawaheshimu kwa ajili yake, na ukweli aliouamini hakuukana hata mbele ya upanga. Nanyi mkikutana na ukweli, upokeeni hata ukitoka kwa mtu wa dini au kabila lisilo lenu, kisha muishi kwa kuufuata.