Usichome Mabua: Rudisha Chakula cha Udongo

Mkulima, fahamu ya kuwa mmea hupata nguvu zake kwa jua. Nguvu hizo zikiisha kutumiwa na mmea, mnyama na mtu, hazirudi tena. Lakini jua huzileta upya kila siku. Chakula cha udongo sivyo kilivyo. Kila gunia litokalo shambani huchukua sehemu yake, nacho hupungua kisiporudishwa.

Uchomapo mabua, naitrojeni nyingi huenda na moshi, na majivu huchukuliwa na upepo na mvua. Basi yakupasa kufanya haya:

1. Tandika mabua zizini, yanyonye mkojo wa ng'ombe, kwani mna naitrojeni na potashi nyingi ndani yake.

2. Lundika samadi kivulini na kuifunika kwa majani, isikaushwe na jua wala kuoshwa na mvua.

3. Ieneze shambani mvua zikaribiapo, uifukie siku ile ile.

4. Panda kunde au mbaazi kwa zamu na mahindi. Katika vinundu vya mizizi yake hukaa vijidudu vishikavyo naitrojeni ya hewani.

Shamba livunwalo bila kurudishiwa kitu hukonda, mfano wa ng'ombe akamuliwaye asilishwe.