Google Calendar Inakutupia 403 na 404? Rada Ndiyo Hii, Kabla Mteja Aitishe Deposit Yake

Wacha tuseme umeangukia kibarua. Kinyozi fulani wa Roysambu anataka wateja wake wabuku kiti kwa tovuti, alafu kila buking iingie moja kwa moja kwa Google Calendar yake. Umeandika skripti, kwa kalenda yako inafanya fiti kabisa. Unaweka kalenda ya kinyozi, boom, 403. Deposit ulishakula, balansi inakuja kazi ikiisha, na jamaa ameanza kupiga simu kila asubuhi.

Hapo ndio wasee wengi huanza kubomoa skripti mstari kwa mstari. Tulia buda. Mara mob shida haiko kwa skripti yako, iko kwa ruhusa. Na ruhusa ziko mbili, hazifanani.

Ya kwanza ni ile programu yako iliitisha wakati wa kulogin: kusoma tu, ama kusoma na kuandika. Hiyo inaitwa skopu. Ya pili ni ile mwenye kalenda amepea akaunti unayotumia. Chukulia ni ploti. Soja anaweza kukufungulia geti, lakini kama huna ufunguo wa keja bado utalala kwa ngazi. Na ukiwa na ufunguo bila kupitishwa geti, pia hufiki. Lazima zote mbili zikubali.

Soma sababu, si namba tu

Ndani ya jibu la eror kuna sehemu imeandikwa `reason`. Hiyo ndio inakuambia ukweli, juu 403 moja inaweza kumaanisha vitu kadhaa:

- `accessNotConfigured`: hujawasha API ya kalenda kwa projekti yako kule Google Cloud. Washa, ngoja kidogo, jaribu tena.
- `insufficientPermissions`: skopu ni ndogo. Labda uliitisha `calendar.readonly` na sasa unataka kuandika. Badilisha iwe `calendar.events`. Lakini cheki, tokeni ya zamani inabaki na nguvu za zamani. Futa ile faili ya `token.json` ama penye umeihifadhi, ulogin upya.
- `requiredAccessLevel`: skopu iko sawa, lakini mwenye kalenda hajakupea kiwango cha kutosha.
- `rateLimitExceeded`: hii si ruhusa hata kidogo. Unapiga seva haraka sana. Punguza mwendo, na kila ukikataliwa ongeza muda wa kungoja.

Ukiona 401, hiyo ni tokeni imeisha muda ama ni mbovu. Na kama kitu hukufa kila baada ya siku 7 na `invalid_grant`, angalia kama projekti yako bado iko kwa hali ya majaribio. Google huua tokeni za kujiongezea muda baada ya siku 7 kwa projekti za watu wa nje zenye bado ziko majaribio. Mteja atadhani umemuuzia kitu feki, kumbe ni hiyo tu.

404 ni muongo kiasi

404 inasema kitu hakipo. Lakini kwa Google Calendar, pia inamaanisha kiko ila wewe huruhusiwi kukiona. Kwa hivyo kabla uape kalenda imefutwa, hakikisha vitu viwili: aidii ya kalenda ni ile ya ukweli (iko kwa setingi za hiyo kalenda, na zile za ziada huishia na `@group.calendar.google.com`), na akaunti yako imeongezwa kwa wale wanashea.

Roboti yako ni mtu mwingine

Hapa ndio wengi hukwama. Kama skripti inatumia ile akaunti ya roboti, yenye imeli yake inaishia na `iam.gserviceaccount.com`, jua hiyo roboti ni mtu wa kujitegemea. Haiko ndani ya akaunti ya kinyozi. Haiko hata ndani ya yako. Ina kalenda yake, na ukiandika `primary`, inaandika huko kwake. Skripti itasema kila kitu kiko poa, lakini kinyozi haoni buking hata moja.

Dawa ni simpo. Kinyozi afungue kalenda yake kwa brauza ya kompyuta. Aingie setingi za kalenda, aongeze imeli ya roboti, alafu achague kiwango. Viko vinne: kuona tu kama uko bize (`freeBusyReader`), kuona kila kitu (`reader`), kubadilisha matukio (`writer`), na kusimamia mpaka nani anasheewa (`owner`). Ya kubuku ni `writer`. Kwa skripti, weka aidii ya kalenda yake badala ya `primary`.

Usishtuke pia roboti ikilisti kalenda zake na hiyo ya kinyozi haimo. Kusheewa hakuiingizi kwa listi yenyewe. Ukitumia aidii moja kwa moja bado inafanya, na ukiitaka kwa listi unaiongeza na `calendarList.insert`.

Kitu ingine: roboti ikijaribu kualika wageni kwa imeli zao, itakula `forbiddenForServiceAccounts`. Kualika kunahitaji msimamizi wa Google Workspace aipe roboti ruhusa ya kutenda kwa niaba ya watu wa kampuni. Kinyozi wa Gmail ya kawaida hana hiyo. Basi weka jina na namba ya mteja kwa maelezo ya tukio, ama kinyozi alogin mwenyewe kwa programu yako.

Mteja akiwa kampuni

Kama kalenda iko chini ya Workspace, msimamizi anaweza kuwa amefunga kushea na watu wa nje, ikabaki kuonyesha bize tu. Roboti yako inahesabiwa kama mtu wa nje. Hapo usipoteze usiku ukikodi, ongea na msimamizi wao. Uliza hiyo swali mapema, hata kabla ya kutaja bei.

Kipimo cha dakika moja

Kabla ya kuhangaika, ita `events.list` kwa hiyo kalenda. Kwa jibu kuna `accessRole`. Ikisema `reader`, acha kuguza skripti, mpigie mteja aongeze kiwango. Ikisema `writer` na bado huandiki, shida ni skopu. Ikileta 404, cheki aidii na kushea.

Na usiitishe `owner` ndio umalize haraka. Mwenye ana `owner` anaweza kupea watu wengine kalenda ama kuondoa wenye wako. Faili ya ufunguo wa roboti nayo usiipandishe GitHub, juu yeyote ataiokota ataingia kwa ratiba ya mtu, na jina litaharibika ni lako. Chukua ruhusa yenye kazi inataka, onyesha kinyozi buking ikiingia mbele ya macho yake, alafu itisha balansi yako.