Kipi Hasa Kinachogawiwa kwa Mwenye Kipande?

Tuseme una nyumba ya kupangisha Lushoto mjini, jirani na Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Kodi ya vyumba ni shilingi 6,000,000 kwa mwaka. Gharama zote, pamoja na riba ya mkopo, ni 900,000. Mthamini anapita na kusema nyumba imepanda thamani kwa milioni 10. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinaruhusu ongezeko hilo liandikwe kuwa faida. Faida yako basi ni 15,100,000.

Ule kiasi gani? Milioni 10 zimo ukutani, hazigawiki. Mpangaji mmoja anadaiwa 600,000, ambazo mhasibu keshazihesabu kuwa mapato. Fedha iliyopo ni 4,500,000. Marejesho ya mkopo wenyewe, 1,200,000, hayamo kwenye hesabu ya faida, lakini benki itayachukua. Halafu kuna mvua za Usambara: mabati yatashika kutu, na kama kuyabadili ni milioni 9 baada ya miaka 15, kila mwaka weka kando 600,000. Zilizobaki kuliwa ni 2,700,000.

Mifuko ya uwekezaji wa majumba, inayouza vipande na kugawa kodi za wapangaji, hupimwa vivyo hivyo. Tanzania ina kanuni zake tangu 2011. Nchini Kenya, mfuko wa Fahari uliingia Soko la Hisa la Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kipande, na sheria ya huko inautaka mfuko wa aina hiyo ugawe angalau asilimia 80 ya mapato halisi baada ya kodi. Mwaka 2021 Fahari ilitangaza hasara kwa kuwa thamani ya majengo ilishuka, na bado ilitoa gawio. Hasara ile haikuchota hata senti benki.

Marekani shida ilikuwa kinyume cha ile ya nyumba ya Lushoto: uchakavu wa majengo hupunguza faida ingawa hakuna fedha inayotoka. Mwaka 1991 chama cha mifuko hiyo, Nareit, kikaweka kipimo kinachorudisha uchakavu na kuondoa faida ya kuuza majengo. Ni hatua nzuri, ila kipimo hicho hakikati matengenezo makubwa. Wachambuzi hukata wenyewe, kila mmoja kwa makadirio yake, na hapo ndipo meneja anayetaka gawio lionekane nono huahirisha paa.

Ukishika ripoti ya mfuko, anzia kwenye mtiririko wa fedha, kisha tafuta kilichotengwa kwa matengenezo. Usipokiona, usinunue kipande.