Kusafisha Bunduki, Kusafisha Moyo

Kila askari ajua ya kuwa bunduki haisafishwi kwa sababu imepigwa tu. Hata ikikaa ghalani mwezi mzima bila kutoa risasi moja, kutu huila polepole, na siku ya haja itamwaibisha mwenyewe. Ndiyo maana tangu siku za ukuruta askari hufundishwa kuifungua, kuipangusa na kuipaka mafuta, hata kama jana yake aliifanyia vivyo hivyo.

Moyo wa mwanadamu nao huota kutu. Wengi wetu tulibatizwa tungali wachanga, tukapewa majina ya mitume, na siku za Krismasi huimba kwa sauti kubwa. Lakini Kitabu chenyewe tumekiacha sandukuni, chini ya magwanda. Leo twapenda kuzungumza nanyi, ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, juu ya desturi ya kusoma Maandiko kila siku na kuyatafakari.

Nguvu ya desturi hiyo ilionekana zamani katika nchi zetu hizi. Mwezi wa Septemba 1929, Daktari Joe Church, Mwingereza aliyekuwa akitumika katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho, kwa kuwa njaa kubwa ilikuwa imeipiga nchi ile. Juu ya kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama yake. Hawakupiga ngoma wala kuitisha mkutano. Waliketi siku mbili, wakafungua Biblia, wakafuata aya baada ya aya habari za Roho Mtakatifu, wakasali pamoja.

Daktari akarudi Gahini. Huko alikuwako Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, mwalimu aliyefanya kazi kwa bidii hata mauti yake mwezi wa Januari 1936. Katika miaka ile moto ukawaka, ukaenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Tanganyika na Kongo. Waliouota moto huo waliitwa Balokole, maana yake waliookoka.

Walijulikanaje? Si kwa nyimbo peke yake. Walijulikana kwa kuwaendea watu waliowadhulumu, kukiri makosa yao waziwazi, kulipa madeni na kurudisha vitu walivyoiba. Hayo waliyaita kutembea nuruni. Msomaji wa kweli wa Maandiko hutambulikana hapo: kitabu humfungua mkono, naye hurudisha.

Neno hili latuhusu sana sisi tuishio kwa amri na silaha. Katika Injili ya Luka, sura ya 3, twasoma ya kuwa askari walimwendea Yohana Mbatizaji, wakamwuliza yawapasayo kutenda. Hakuwaambia watupe silaha wala waache kazi yao. Aliwakataza kumnyang'anya mtu kwa kumtisha, akawakataza kumsingizia mtu, tena akawataka waridhike na mshahara wao. Ni mambo matatu tu, lakini ni nani kati yetu awezaye kuyasoma asubuhi, kisha saa nne akasimama kwenye kizuizi cha barabara na kumwambia mwenye baiskeli ya mkaa atoe kitu kidogo ndipo apite? Ama atakifunga kitabu kwa aibu, ama atauacha mkono wake mtupu. Mawili hayo hayakai pamoja kwa muda mrefu.

Lakini tusijidanganye ya kuwa uamsho wa baba zetu watutosha sisi. Katika Rwanda ile ile, mwaka 1994, watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Walikuwamo na askari waliopewa bunduki ili wawalinde raia. Jambo hili ni zito, wala hatulitaji ili kuihukumu nchi ya jirani, bali tujihukumu wenyewe. Imani ya jana haimlindi mtu leo, kama vile mafuta ya mwaka jana yasivyoilinda bunduki. Neno lisilosomwa leo halitakuwa na sauti leo, saa mtu anapoamriwa au anaposhawishiwa kutenda uovu.

Basi tufanyeje? Kazi yetu ina zamu na safari, wala haina nafasi nyingi. Robo saa yatosha, kabla ya tarumbeta ya asubuhi au baada ya kutoka lindoni. Kitabu cha Mithali kina sura 31. Sura moja kwa siku humaliza mwezi. Injili ya Marko ina sura 16. Msomaji asiharakishe. Ajiulize maswali matatu: Neno hili lasema nini? Lanishitaki kwa jambo gani? Nitatenda nini kabla ya jua kuchwa? Swali la tatu ndilo gumu, na anayeliruka hilo amesoma bure.

Tena yafaa wawili au watatu wa kambi moja wasome pamoja, wa makabila mbalimbali, kwa Kiswahili chetu sote. Namirembe walikuwa wawili tu, Mwingereza na Mganda, nao walitosha.

Kesho alfajiri, utakapochukua kitambaa na mafuta kuisafisha silaha yako, kumbuka ya kuwa kidole kinachokaa penye kiwambo hutii moyo. Usafishe na huo. Na kama kuna kitu cha mtu kilichomo mkononi mwako, kirudishe kabla ya jua kuchwa.