Je, Wajua? Wanaogombania Yai la Mdudu

Je, wajua kuwa kuna nyigu wasiofika hata milimita 1? Wa jenasi ya Trichogramma ndivyo walivyo. Hawamdungi mtu. Jike hutoboa yai la nondo na kutaga lake humo. Kiwavi hatoki tena, hutoka nyigu.

Je, wajua kuwa kwanza jike hulipima yai? Hutembea juu yake, na muda wa matembezi humjulisha ukubwa wake. Kubwa hutagiwa mengi, dogo moja tu.

Je, wajua kuwa nyigu huweka alama? Trissolcus basalis hutagia mayai ya kunguni wa kijani wanaofyonza maharage. Akimaliza, husugua yai kwa ncha ya mrija wake wa kutagia, na anayefuata hutambua kwamba lina mwenyewe. Majike wawili wakifika pamoja kwenye fungu kubwa la mayai, huvumiliana, kila mmoja akitaga kivyake. Mayai yasiyoguswa yakipungua, hapo ndipo vita huanza! Hufukuzana mpaka mmoja aondoke, na mshindi hubaki akilinda. Aliyeshindwa hakati tamaa: huvizia karibu, akipata mwanya anarudi kutaga. Ugomvi huo una sababu nzito, kwani ndani ya yai moja huponea buu mmoja tu. Mabuu wachanga wana taya kali, nao huuana.

Je, wajua kuwa jike wa nyigu hawa huamua jinsia ya watoto? Yai lisilorutubishwa huwa dume. Akiwa peke yake, hutaga madume wachache, wa kutosha tu kuwapanda dada zao. Penye majike wengine, huongeza madume. Mantiki hiyo aliieleza W. D. Hamilton mwaka 1967.

Je, wajua kuhusu nyigu Copidosoma floridanum? Yai lake moja, likitagwa ndani ya yai la nondo, hugawanyika ndani ya kiwavi hadi kutoa mabuu zaidi ya 2,000. Baadhi yao ni askari: huua wapinzani, wala hawawi nyigu kamwe.

Je, wajua kuwa mmoja wa nyigu hawa wa mayai anawafaa wakulima wetu wa mahindi? Nondo wa viwavijeshi vamizi hutaga mayai kwa tabaka na kuyafunika kwa magamba ya mwili wake. Trichogramma huyafikia ya chini kwa shida. Nyigu Telenomus remus hupenya hadi huko, na Kenya yupo tayari. Dawa kali ya wadudu humuua yeye pia.