Kabla ya Kukubali Mguu Ukatwe

Mgonjwa wa kisukari akisema usiku mguu humuuma mpaka auning'inize nje ya kitanda, asipewe dawa ya maumivu tu akarudishwa nyumbani. Mguu ukining'inia, damu kidogo hushuka hadi vidoleni. Ukinyooshwa kitandani, haifiki. Ateri zimeziba vibaya. Kidonda cha jembe kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, au kidole kinachogeuka cheusi, huenda ni shida hiyohiyo, na inaniuma kwamba hapa Kakamega vidonda vingi hufungwa vitambaa nyumbani hadi harufu ianze.

Ateri yaweza kufunguliwa bila kupasua mguu. Mtaalamu hutia ganzi kinenani, hutoboa ateri kwa sindano, kisha hupitisha waya mwembamba akiutazama kwenye kioo cha eksirei. Waya ukishavuka palipoziba, puto dogo hufuata juu yake, hujazwa maji na kupanua njia. Pajani huenda ikaachwa stenti, kimrija cha wavu cha kushikilia njia. Chini ya goti, ambako ateri zina upana wa milimita 2 hadi 3 tu, aghalabu hutumika puto peke yake. Mara nyingi mgonjwa huwa macho.

Tiba hii ilianza tarehe 16 Januari 1964 mjini Portland, Marekani. Bibi wa miaka 82, vidole vimeoza, alikataa katakata kukatwa mguu. Daktari Charles Dotter akapanua ateri yake ya paja kwa mirija, na bibi akaendelea kutembea. Puto la Andreas Grüntzig lilifuata mwaka 1974.

Si kila mguu unaofaa puto. Utafiti wa BEST-CLI wa 2022 ulionyesha kuwa mwenye vena nzuri ya kupandikizwa hufaidika zaidi na upasuaji wa kuipitisha damu kando ya palipoziba. BASIL-2, mwaka uliofuata, ukaegemea puto kwa ateri za chini ya goti. Lililo muhimu kwangu ni mtiririko wa damu upimwe kwanza, tena vidoleni. Kisukari hujaza chokaa kwenye ateri za kifundo, kipimo cha presha kikashindwa kuzibana, namba ikatoka nzuri ilhali vidole vinakufa.

Basi kabla ya kutia sahihi mguu ukatwe, muulize daktari kama presha ya vidoleni imepimwa na picha ya ateri imepigwa. Kama hazijafanywa, omba rufaa Kisumu au Eldoret kidonda kingali kidogo. Usaha ukishapanda na homa, kukata huenda ndiko kutakakookoa maisha. Na mguu uliopoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, haungoji kesho: misuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi.