Kaktasi au Siyo? Kutambua na Kustawisha Mimea Itunzayo Maji

Katika sehemu kavu za Afrika ya Mashariki huonekana miti mirefu isiyo na majani, matawi yake yamesimama juu mfano wa kinara cha mishumaa. Wengi huiita kaktasi, lakini sivyo. Hiyo ni mimea ya jenasi Euphorbia, ndugu wa mnyaa upandwao kuwa ua wa nyumba, na kwa mbali ni jamaa ya muhogo. Kosa hilo si la jina tu. Utomvu mweupe wa Euphorbia ukiingia jichoni huunguza vikali na huweza kudhuru uwezo wa kuona, ilhali kaktasi nyingi hazina utomvu wa namna hiyo. Kwa hiyo, yeyote atakaye kustawisha mimea hii nyumbani hana budi kujifunza kwanza kuitambua.

Kitambulisho cha kaktasi ni areoli. Hii ni alama ndogo juu ya shina, aghalabu yenye manyoya laini mfano wa sufi, ambamo huchipukia miiba, matawi na maua. Hakuna familia nyingine ya mimea iliyo nayo. Katika Euphorbia nyingi zetu miiba hukaa miwili miwili juu ya kigamba kigumu kisicho na sufi. Wako waelekezao kwamba shina likatwe ili kuona kama latoa maziwa. Jaribio hilo hatulipendelei: ni la hatari, na tena halitoshi, kwa kuwa baadhi ya kaktasi za jenasi Mammillaria nazo hutoa utomvu mweupe. Lenzi ya mkono yatosha. Maua yakiwapo, shaka huondoka kabisa, kwani ua la kaktasi lina petali nyingi na stameni nyingi, hali lile tuliitalo ua la Euphorbia ni kikombe kidogo kilichokusanya maua madogo mno. Mimea hii miwili hufanana kwa sababu ukame uliikuza kwa njia moja, kila mmoja katika bara lake.

Asili ya kaktasi ni mabara ya Amerika. Ni moja tu, Rhipsalis baccifera, iliyopatikana pia Afrika, Madagaska na Sri Lanka bila kupandwa na mtu. Ajabu ni kwamba haifanani na kaktasi hata kidogo. Huning'inia kama nyuzi za kijani kutoka matawi ya miti ya misituni, na mpita njia huidhania kimelea. Namna ilivyovuka bahari bado yajadiliwa. Yamkini ndege walibeba mbegu zake, maana tunda lake ni dogo, jeupe, na lina ulimbo.

Jozi nyingine ichanganywayo ni mshubiri na mkonge. Mkonge (Agave sisalana) ni mgeni kutoka Meksiko, ulioletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893. Katika shehena yake ilinusurika miche 62 tu. Jani lake lina nyuzi ngumu, nao huchanua mara moja kisha hufa. Mshubiri ni mwenyeji. Jani lake huvunjika kwa urahisi, hutoa maji ya manjano yaliyo machungu, na mmea huchanua miaka mingi. Lakini si kila mshubiri ni dawa: Aloe ballyi, mshubiri mrefu kama mti unaoota kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, una sumu, na harufu yake ni kama ya panya. Kuna pia katani ya mwituni, Sansevieria, ambayo Wamasai huiita oldupai, na ndiyo iliyolipa jina bonde mashuhuri la Olduvai. Wataalamu wa leo wameihamishia jenasi Dracaena.

Siri ya mimea hii ya kuishi kwa maji machache imo katika saa zake za kazi. Mimea mingi hufungua stomata mchana, na maji mengi hupotea. Hii hufungua usiku, ikavuta kabonidioksaidi na kuihifadhi kama asidi. Mchana hufunga, ikaitumia asidi hiyo kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Mwaka 1815 lilichapishwa elezo la Benjamin Heyne, aliyekuwa India, kwamba majani ya mmea ambao sasa huitwa Kalanchoe pinnata huwa na ukali wa ndimu asubuhi, na kufikia adhuhuri ukali huo umekwisha. Msomaji asirudie jaribio hilo kwa ulimi wake, kwani mmea huo umekwisha kuua mifugo.

Kwa mkulima wa vyungu, adui mkubwa si ukame bali ni maji. Chungu kiwe na tundu chini, na udongo uchanganywe na mchanga wa chengachenga au kokoto ndogo, nusu kwa nusu. Mchanga wa pwani usitumike bila kuoshwa chumvi. Mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha usirudie mpaka udongo ukauke kabisa. Wakati wa masika ni heri kuvisogeza vyungu barazani. Kipande kilichokatwa kisipandwe siku hiyo. Kiachwe kivulini wiki moja au mbili, kidonda kifunge, la sivyo kitaoza. Vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe, huweza kufutwa kwa pamba iliyochovywa katika spiriti. Ukatapo Euphorbia, funika macho na vaa glavu. Utomvu ukiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi bila kukawia, kisha nenda hospitali.

Jambo lihuzunishalo ni uchimbaji wa mimea ya porini. Baadhi ya mishubiri na Euphorbia zetu huota katika mlima mmoja au mwamba mmoja tu, na mtozaji mwenye jembe aweza kuimaliza kwa siku chache. Mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, unadhibiti biashara ya kimataifa ya karibu kaktasi zote, Euphorbia zitunzazo maji, na mishubiri yote isipokuwa Aloe vera. Chukua mbegu chache au kipande kwa ruhusa, na katika kibao cha chungu andika mahali ulipokipata, mwinuko na tarehe. Jina laweza kubadilishwa na wataalamu kesho, kama lilivyobadilishwa la katani. Mahali hapabadiliki, na mmea usio na habari hizo hauna faida kubwa kwa sayansi.

Uharibifu waweza pia kuanzia bustanini. Mipungate, kaktasi za jenasi Opuntia zilizoletwa kuwa pambo na ua, imefunika malisho mengi huko Laikipia, Kenya, na miiba midogo ya matunda yake huumiza vinywa vya mifugo. Kipande kimoja kilichotupwa jalalani hutoa mizizi. Masalio ya mpungate yakaushwe juu ya saruji hadi yasinyae, kisha yachomwe moto.